Kumtambua samaki mdogo mwenye milia palepale kijitoni

Ukisimama kwenye kijito chochote kinachoshuka kutoka milima ya Uluguru kwenda kumwaga maji yake Mto Ruvu, utaona samaki wa urefu wa kidole wakicheza kwenye mwanga. Ukiuliza ni samaki gani, utajibiwa kuwa ni dagaa, basi. Wako wa jamii kadhaa tofauti, na wengi wanatambulika wakiwa hai, bila kuuawa wala kupelekwa maabara. Shida ni kwamba watu huanza na milia, kwa sababu ndiyo inayovutia jicho. Mimi huiacha hadi mwisho.

Hatua ya 1: Ruhusa na usalama

Ndani ya hifadhi ya msitu utahitaji kibali. Nje ya hifadhi, pitia kwa afisa uvuvi wa wilaya na umwambie kiongozi wa kijiji unachokuja kufanya. Usitumie chandarua cha mbu. Wavu mdogo wa mkono, wa kushikwa na mtu mmoja, unatosha. Vaa buti za mpira: maji yaliyotulia yenye konokono yana kichocho. Mvua ikinyesha juu mlimani, toka mtoni hata kama ulipo jua linawaka.

Hatua ya 2: Tazama kabla ya kugusa maji

Kaa ukingoni, kivuli chako kisiangukie maji, usubiri mpaka samaki wakusahau. Mahali anapokaa samaki ni nusu ya jibu. Anayeng'ang'ania mwamba kwenye maji ya kasi si sawa na anayeelea katikati ya kidimbwi, na wote wawili si sawa na anayejificha kwenye majani ya ukingoni. Andika hayo kwanza. Ukishatia wavu, kila mmoja atakimbilia pasipo pake.

Hatua ya 3: Mweke kwenye maji safi umtazame ubavuni

Chombo cha plastiki angavu chenye kuta bapa ndicho kifaa muhimu kuliko vyote. Kijaze maji ya kijito hichohicho, kiweke kivulini, mtie samaki mmoja au wawili. Lowesha mikono kabla ya kumshika, maana mkono mkavu humtoa ute unaomkinga na magonjwa. Mpige picha kichwa kikiwa upande wa kushoto, mapezi yakiwa yamekunjuka, na rula ikiwa nyuma ya chombo. Fanya haraka. Samaki mwenye hofu hupauka, na mlia uliokuwa mweusi kama wino mtoni unaweza kufifia machoni pako.

Hatua ya 4: Mapezi na mdomo

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi.

Anza na mgongo. Je, kati ya pezi la mgongoni na mkia kuna kijipezi kidogo chenye nyama, kisicho na miiba? Kama kipo na samaki ana magamba ya fedha na meno yanayoonekana, uko kwenye jamii ya akina Brycinus, ndugu wa mbali wa samaki-chui wa Rufiji. Kama kipo na hana magamba kabisa, huyo ni wa upande wa kambare. Mmojawapo ni Chiloglanis, ambaye midomo yake imekuwa duara la kunatia kwenye mawe ya maji ya kasi.

Kama kijipezi hakipo, tazama pezi la mgongoni lenyewe. Likiwa refu, nusu ya mbele miiba migumu na nusu ya nyuma laini, huyo ni wa ukoo wa perege. Likiwa fupi na liko peke yake katikati ya mgongo, nenda mdomoni. Tafuta sharubu. Ni nyembamba kama uzi na hulala zikiwa zimebana shavuni, kwa hiyo tumia kioo cha kukuzia. Sharubu pembeni mwa mdomo, magamba yanayong'aa, mdomo ulio mbele ya kichwa: karibu hakika ni Enteromius, wale waliokuwa wakiitwa Barbus katika vitabu vya zamani. Mdomo ukiwa chini ya kichwa, na midomo minene ya kukwangua ukoga kwenye mawe, ni Labeo, jamii ya ningu.

Hatua ya 5: Sasa soma milia

Jiulize maswali matatu tu: mlia umelala au umesimama? Unaanzia wapi? Unaishia wapi?

Mlia mmoja uliolala, unaoanzia puani, ukapita katikati ya jicho na kufika shina la mkia (pale mwili unapokutana na pezi la mkia), ni dalili ya Enteromius radiatus. Mgeuze kidogo kwenye mwanga, utaona chini ya jicho safu za vitundu vidogo mno kama vya sindano. Kama badala ya mlia kuna mstari wa madoa madogo meusi ubavuni, fikiria Enteromius lineomaculatus. Doa la rangi ya chungwa kwenye kifuniko cha mashavu ni la Enteromius kerstenii. Na kama hakuna alama ya maana, pitisha ncha ya ukucha taratibu nyuma ya mwiba wa mgongoni: ukikwaruza kama msumeno, yawezekana ni Enteromius paludinosus.

Kuwa makini na watoto wa Labeo cylindricus. Nao wana utepe mweusi uliolala ubavuni, na wengi huwaweka kwa Enteromius kwa sababu hiyo. Mdomo ulio chini ya kichwa ndio unaowatofautisha, pamoja na wekundu wa sehemu ya juu ya jicho.

Milia iliyosimama kwa kawaida ni ya watoto wa ukoo wa perege. Madoa ya manjano kama mayai kwenye pezi la mkunduni yanakupeleka kwa dume wa Astatotilapia. Lakini ukikuta milia myembamba iliyosimama kwenye pezi la mkia lenyewe, kuanzia shina hadi ncha, huyo ni sato, Oreochromis niloticus, aliyetoroka kwenye bwawa la kufugia. Hili linaniumiza kila ninapoliona, kwa sababu sato huzaana na perege wa asili wa Ruvu na Rufiji, Oreochromis urolepis, na vizazi vyao chotara humaliza damu ya wenyeji. Usimhamishie kijito kingine. Mpige picha ya mkia, andika mahali, umpelekee afisa uvuvi.

Hatua ya 6: Andika rangi, kisha umrudishe

Rangi nyekundu na ya chungwa ziandikwe samaki akiwa hai. Kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia sampuli, wekundu hupotea upesi, weusi hudumu, ndiyo maana michoro ya sampuli za zamani imejaa milia myeusi na haina doa la chungwa hata moja. Andika pia kina cha maji, aina ya sakafu (mchanga, changarawe au mwamba), kasi na saa. Mrudishe pale pale ulipomtoa, si kidimbwi cha jirani.

Ukishindwa kufika kwenye jina kamili, andika ulipofikia: "Enteromius, mlia kutoka puani, ukingoni kwenye majani". Maelezo hayo, yakiambatana na picha nzuri ya ubavu, yanamtosha mtaalamu kumalizia kazi akiwa mbali.