Somo: Nguo za Idi kwa watoto wa mtaa, kuanzia kwenye meza ya fundi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina kibanda cha cherehani 2 hapa Ngamiani, Tanga. Wengi mmeniomba nieleze tunavyochangisha nguo za sikukuu, basi leo nimekaa.

Hatua ya 1: Orodha kwanza, kapu baadaye. Mwaka wa kwanza niliweka kapu mlangoni nikaandika "Changia nguo". Siku 4 likajaa. Nilipolimwaga: mashati hayana vifungo, sketi zimepauka. Hata zile nzuri zilizaa jambo. Siku ya Idi, pale Tangamano, mtoto alimwambia mwenzake mbele ya watu, "Hilo gauni langu la mwaka jana." Yule aliyeambiwa alikunja pindo la gauni mkononi kama anataka lisionekane. Tangu siku hiyo sipokei nguo iliyovaliwa. Tunashona mpya.

Majina nayapata kwa mjumbe na kwa mwalimu wa madrasa. Wao ndio wanaojua nani kafiwa na baba, nani analelewa na bibi. Mwenyekiti wa mtaa namjulisha kabla sijapokea hata shilingi, la sivyo unajitafutia maneno.

Hatua ya 2: Kata vitambaa Shaaban, mwezi kabla ya Ramadhani. Fundi yeyote analijua kumi la mwisho la Ramadhani: wateja wanakesha mlangoni, na nguo za sadaka ndizo zitakazorukwa. Za kwangu zinaingia Ramadhani zimebaki vifungo na pasi tu. Usiahidi watoto 60. Bora 20 wavae kweli.

Hatua ya 3: Kupima, kabla hujakata. Hapa ndipo penye kazi. Usiwapange watoto foleni dukani, mtaa mzima utajua. Mwalimu anawapima wanafunzi wote wa madrasa, wenye nacho na wasio nacho, kisha ananiletea daftari. Acha pindo la inchi 2 na mshono mpana ubavuni. Nguo hiyo itavaliwa tena Idi ya Mfungo Tatu, ile ya kuchinja, na ikifumuliwa pindo, hata mwakani.

Hatua ya 4: Waombe watu kitu wanachokijua. Ubaoni naandika: "Gauni la mtoto wa miaka 6, mita 1 na nusu." Mteja analipa nguo yake, anaongeza mita ya mwenzake. Jirani muuza vitambaa anatoa mabaki ya jora. Mafundi wenzangu wanakuja kutia vifungo na kupiga pasi baada ya tarawehe.

Hatua ya 5: Kufikisha. Usiku, mkononi kwa mama au bibi, ndani ya mfuko ule ule ninaompa mteja yeyote. Mtoto aamke aambiwe nguo kashonewa na mama yake.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Pangani:* Fundi, naweza kukuletea zakatul-fitri yangu ushonee nguo?

Hapana ndugu yangu. Kwetu Washafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, fitri ni chakula: pishi 1 kwa kila kichwa, ndiyo vibaba 4, kama kilo 2 na nusu za mchele, na imfikie mhitaji kabla ya swala ya Idi. Nguo ni sadaka. Mafungu hayo usiyachanganye.

*Dada wa Makorora:* Waliochangia wanadai picha.

Wapigie picha nguo zilizokunjwa mezani, dada. Sura ya mtoto, hapana. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, yule mtoto atakuwa mtu mzima na picha bado inazunguka kwenye simu za watu.

*Kaka wa Chumbageni:* Na hela inakaa wapi?

Kwenye laini ya simu ya michango tu, isiyopokea malipo ya duka. Mimi nashika simu, daftari analishika mama muuza vitumbua wa jirani. Risiti zinabandikwa humo, na anayetaka kusoma anasoma.

*Mama wa Muheza:* Sisi ni Wakristo. Krismasi inawezekana?

Inawezekana sana, mama. Majina yatoke kwa wazee wa kanisa. Ila kata vitambaa Oktoba, maana Desemba sare za shule za Januari zinatujaa hadi dari. Ukikosa fundi huko, niletee vipimo.