Gari la kabureta haliwaki: kabureta iwe ya mwisho kufunguliwa

Juma lililopita mzee mmoja wa Nkuhungu, Dodoma, aliniita asubuhi. Corolla yake KE70, injini ya 4K, ilikuwa imegoma tangu jana yake jioni. Nilipofika nikakuta kabureta imeshafunguliwa, jeti (vile vipande vya shaba vyenye tundu la kupitishia mafuta) zimepangwa kwenye kisosi cha chai.

"Shikamoo mzee. Cheche umeangalia?"

"Marahaba. Cheche za nini fundi, hii ni kabureta tu."

Ilikuwa platini, yaani swichi ndogo inayokata na kuunganisha umeme ili cheche itoke. Kazi ya dakika kumi, lakini kuirudisha kabureta kulituchukua mpaka adhuhuri. Ndiyo maana naandika utaratibu ninaoufuata mimi.

Hatua ya 1: Betri

Washa taa kubwa, piga stata. Zikififia kabisa, safisha vichwa vya betri na uvikaze. Kwenye mita, betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. Ikiwa chini ya 12.2, chaji kwanza.

Hatua ya 2: Cheche

Chomoa kwenye distributa (kigawa cheche kwenda kwenye plagi) ule waya mnene unaotoka kwenye koili (kizalisha umeme wa cheche). Ushike kwa plaizi yenye mpini wa mpira, ncha iwe milimita 5 kutoka kwenye chuma cha injini, mbali na mafuta, halafu mwenzako apige stata. Cheche ya buluu inayolia ni nzima. Kama cheche ni nzima hapa lakini haifiki kwenye plagi, kagua rota (kipande kinachozunguka ndani ya distributa) na kifuniko cha distributa kama kina ufa.

Ikiwa ni ya njano na dhaifu, au haipo, fungua distributa uangalie platini. Pitisha msasa laini, futa vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha weka nafasi ya milimita 0.45 (hiyo ni ya 4K) kisigino cha platini kikiwa juu kabisa ya nundu ya ekseli ya distributa. Tumia fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Kukadiria kwa macho au kwa kipande cha boksi la kiberiti sikubaliani nako hata kidogo. Platini zikiwa zimeungua, zibadilishe pamoja na kondensa (kikopo kidogo kinachozilinda zisiungue) hapo hapo.

Hatua ya 3: Mafuta yanafika?

Kabureta nyingi za 4K zina kioo kidogo pembeni, na mafuta yanatakiwa yaonekane katikati yake. Kama hakuna kioo, toa kifuniko cha filta ya hewa, zima swichi, mulika ndani ya koo la kabureta kwa tochi, vuta waya wa eksileta. Ukiona mafuta yanaruka kama mate ya nyoka, yanafika. Nenda hatua ya 4.

Yasiporuka, soma hapa taratibu. Niliwahi kukwama barabara ya Kondoa, mbele kidogo ya Mayamaya, toka saa nne asubuhi hadi jua linazama. Nilibadilisha filta. Nikafungua kabureta mara mbili. Nikafunga pampu mpya niliyokuwa nayo kwenye buti. Gari linawaka nusu dakika, linazima. Chini hakuna hata tone la petroli, kwa hiyo niliamini mipira yote ni mizima.

Kosa lilikuwa kwenye imani hiyo. Pampu ya gari hizi husukumwa na injini na kazi yake ni kuvuta. Mpira wa kati ya tangi na pampu ukipasuka haudondoshi mafuta, bali unaingiza hewa, na pampu inabaki kuvuta upepo. Nilipoukunja kwa vidole viwili, nyufa zikafunguka kama visigino vya kiangazi. Jua la huku hukausha mpira, nje ukionekana mweusi mzuri tu.

Jaribio lake: chomoa mpira unaoingia kwenye pampu, uzibe. Chomeka kipande kipya cha mpira, kiingize kwenye kidumu chenye petroli kidogo. Kidumu kikae chini kuliko pampu, la sivyo mafuta yatateremka yenyewe na utadanganyika. Piga stata sekunde kumi, pumzika, rudia. Mafuta yakija, ubovu uko nyuma: mipira, filta au tangi. Yasipokuja, ni pampu.

Angalia usichomoe mpira wa kurudisha mafuta ukidhani ndio wa kuvuta. Fungua pia mfuniko wa tangi: ukisikia unavuta hewa kwa nguvu, tundu lake la kupumulia limezibwa na vumbi. Mpira uwe wa petroli, maana wa maji huvimba na kulainika, na ubanwe kwa klipu, si waya. Usivute petroli kwa mdomo. Na tafadhali, usimwage petroli kwenye koo la kabureta huku stata inapigwa: injini ikirudisha moto, ni uso wako.

Hatua ya 4: Plagi zimelowa

Plagi zikiwa zimelowa petroli, rudisha choki (kizibo cha hewa cha kuwashia injini ikiwa baridi), kanyaga eksileta hadi chini bila kupampu, piga stata sekunde kumi.

Hatua ya 5: Sasa kabureta

Kwanza igonge taratibu kwa mpini wa bisibisi usawa wa floti (boya la ndani linalofungulia na kufungia mafuta), kwani sindano yake huwa inanata. Ikibidi kufungua, jeti usizichokonoe kwa waya. Shaba ni laini, na tundu likishapanuka gari litakula mafuta mpaka ununue nyingine. Puliza kwa kompresa, na tandika kitambaa cheupe chini: ile gololi ndogo ya pampu ya eksileta ikiangukia kwenye mchanga huipati tena.