Brekpedi zimeisha au bado? Usisubiri mlio, fungua tairi uone

Mi nilikuwa naskia kamlio kadogo tairi la mbele kushoto kwenye kiToyota IST changu, nikapita kwa fundi, akainama akamulika na tochi ya simu, akasema boss hizi bado sana, utakula nazo sikukuu. Wiki mbili baadae kila nikikanyaga breki inasaga krrr krrr, kufungua tairi, pedi ya nje kweli bado nene, ila ya ndani imebaki bati tupu na diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na tairi, imechimbika mistari kama santuri. Nilikuwa ninunue pedi tu, nikanunua pedi na diski.

Kumbe ndo ilivyo, kila diski inabanwa na pedi mbili, ya nje unaweza kuichungulia kwenye matundu ya rimu, ya ndani huioni, na mara nyingi ndo inawahi kuisha, hasa pini za kalipa (kile kibanio kinachobana pedi) zikikauka grisi au zikishika kutu, kalipa haitelezi tena, pistoni inayosukuma pedi inaibana ya ndani peke yake. Kwahiyo fundi akikwambia bado bila kufungua tairi, huyo ameangalia nusu.

Kuangalia mwenyewe sio kazi. Paki sehemu tambarare, vuta handbreki, weka jiwe tairi la nyuma, legeza nati kabla hujapiga jeki, af ukishatoa tairi lilaze uvunguni, jeki ikiteleza gari lidondokee tairi na sio wewe. Kata usukani ili kalipa igeuke nje, mulika kwa juu pale wazi utaona pedi zote mbili. Usipime bati la chuma, pima ile nyama nyeusi iliyogandishwa juu yake. Mpya inakuwa kama milimita 10 hivi, ikibaki 3 nenda kanunue, ikifika 2 hata safari ya mkoani ahirisha. Huna rula? Linganisha na bati lenyewe, nyama ikiwa nyembamba kuliko bati inakaribia kuisha hiyo. Pedi nyingi pia zina kamfereji katikati, kakianza kufutika ujue uko mwishoni.

Kuhusu milio sasa, maana watu wanachanganya. Mlio mwembamba kama filimbi mara nyingi ni kale kakipande ka bati kamewekwa makusudi kaguse diski pedi ikikaribia kuisha, ila pedi nyingine hasa za bei chee hazina hako kakipande kabisa, zinaisha kimyakimya. Gari ikikwaruza asubuhi baada ya mvua au kuoshwa, ukikanyaga mara mbili tatu ikaacha, hiyo ni kutu ya juujuu tu, usimpe mtu hela. Usukani ukitetemeka ukishika breki, shida iko kwenye diski, na gari ikivuta upande mmoja cheki kalipa. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma hauna mjadala, paki.

Kingine mafuta ya breki. Pedi zikilika pistoni zinatoka nje na mafuta kwenye kichupa yanashuka, mtu anaona yameshuka anajaza tu, siku ya kufunga pedi mpya pistoni zinarudishwa ndani mafuta yanafurika yanakula rangi ya gari. Yakishuka angalia pedi kwanza. Kama pedi bado nene na yanashuka, hapo kuna sehemu inavuja, usiendeshe.

Watu huuliza zinadumu kilomita ngapi, mi sihesabu hivyo, anayeshinda kwenye foleni ya Kimara na anayetembea zake highway hawafanani, na ukishuka mlima Kitonga mguu juu ya breki mwanzo mwisho badala ya kushusha gia unazichoma siku hiyohiyo. Za mbele ndo zinabeba kazi kubwa kwahiyo zinatangulia. Nyuma kwa IST nyingi ni dramu, hapo hadi uvue dramu uone viatu, yani vile vinavyofanya kazi ya pedi.

Ukibadilisha, badilisha kushoto na kulia pamoja, na mwambie fundi asafishe pini azipake grisi ya breki, sio ile ya beringi. Akimaliza, kabla ya kuweka gia, pampu breki mpaka iwe ngumu, maana kanyago la kwanza linazama hadi chini, na kama umeshaanza kurudi rivasi utagonga ukuta wa gereji.