Somo: Maharage, mahindi na jeni zinazohama

Nafundisha baiolojia Kigoma mjini. Kila mwaka wanafunzi wangu hukwama palepale: wanakubali kwamba mtoto hurithi jeni kwa mzazi, lakini nikiwaambia bakteria anaweza kumpa jirani yake jeni, wote wawili wakiwa hai na hakuna aliyezaa, wananitazama tu. Safari hii nilinunua soko la Mwanga robo kilo ya maharage mekundu na robo ya mahindi meupe, na somo likaingia. Fuateni hivi.

Anza na kisa. Baadhi ya bakteria wana plasmidi, yaani kiduara cha DNA kilicho kando ya kromosomu. Plasmidi nyingine hubeba jeni ya kimeng'enya kinachovunja penisilini. Kukitengeneza kunakula nguvu, lakini dawa ikishavunjwa imevunjika kwa wote, na jirani asiyetoa kitu anashiba na kuzaa upesi zaidi. Huyo muite mdoezi. Harage ni mtengenezaji, hindi ni mdoezi.

Hatua ya 1. Chukua mabakuli mawili. Kila moja litie maharage 10 na mahindi 10.

Hatua ya 2. Bakuli la kwanza halina uhamaji wa jeni. Kila raundi, kwa kila maharage mawili ongeza harage moja. Kwa kila hindi moja ongeza hindi moja. Koroga, fumba macho, chota punje 20, nyingine rudisha mfukoni. Rudia raundi tano. Wangu waliona maharage yakipungua kidogo kidogo hadi darasa likaanza kuyahurumia.

Hatua ya 3. Bakuli la pili, kila raundi kabla ya kuzaliana, toa punje mbilimbili bila kuchagua. Harage likikutana na hindi, toa hindi, weka harage mahali pake: plasmidi imenakiliwa ikahamia kwa jirani. Kisha endelea kama hatua ya 2. Hapa maharage yanapanda. Waambie wazi kwamba katika maumbile uhamaji hautokei kila wanapokutana. Tumeuharakisha ili kipindi kitoshe.

Hatua ya 4, na hii msiiruke. Tangaza kwamba dawa imemwagwa. Bakuli lenye maharage chini ya matano halina kimeng'enya cha kutosha kuivunja, linamwagwa lote, wadoezi na watengenezaji pamoja. Mara nyingi la kwanza ndilo linaloponzeka, au linaponea chupuchupu.

Sasa swali lenyewe: kwa nini uhamaji unalinda kusaidiana? Mwaka 1964 mwanabaiolojia William Hamilton alieleza kwamba jeni ya kusaidia inaweza kuenea ikiwa anayesaidiwa naye anayo, ndiyo maana ndugu husaidiana. Wazee wetu walijua undugu wa kuchanjiana: watu wa matumbo mawili wanaonjana damu, na tangu siku hiyo ni ndugu. Plasmidi inafanya kitu cha jinsi hiyo. Majirani wanabaki wageni katika kromosomu zao, lakini katika jeni ile moja wamekuwa ndugu, na msaada unaovuja unamwangukia mwenye jeni ileile. Mdoezi hakufukuzwa, amegeuzwa mtengenezaji.

MASWALI YA WASOMAJI

Shikamoo mwalimu. Jeni inapitaje? (Kasulu)

Marahaba. Njia kuu ni tatu. Bakteria wawili wanagusana na plasmidi inapita. Watafiti Lederberg na Tatum walionyesha mwaka 1946 kwamba bakteria hubadilishana jeni. Au bakteria anaokota DNA iliyoachwa na waliokufa. Au virusi wa bakteria, anayeitwa faji, anaibeba.

Mwalimu, hili linahusiana na kipindupindu? Mei 2015 nilikuwa Kagunga, wakimbizi kutoka Burundi wamejaa ufukweni, nikaona watu wanavyoisha maji mwilini. (Kigoma vijijini)

Pole sana, ndugu yangu. Linahusiana moja kwa moja. Sumu inayomkausha mgonjwa inatokana na jeni zilizoletwa na faji. Watafiti Waldor na Mekalanos walilithibitisha mwaka 1996. Tena faji huyo anaingia kupitia vinyweleo ambavyo bakteria hawa hutumia kushikana makundi ndani ya utumbo. Kile kinachowaunganisha ndicho mlango wa jeni mpya. Nikifika hapa darasani huwa nanyamaza kidogo, wakitafakari.

Kwa hiyo plasmidi inamtakia mema bakteria? (Uvinza)

Hapana, inajitafutia nafasi yake. Nyingine hubeba sumu inayodumu na kinga isiyodumu: mtoto akizaliwa bila plasmidi, kinga inakwisha mapema, sumu inabaki na kumuua au kumdumaza. Msaada unaenea pale tu faida ya plasmidi na ya kundi zinapokwenda njia moja.

Je, hoja yako ya undugu imeshathibitishwa kila mahali? (Tabora)

Bado ina ubishi, na wanafunzi waambiwe. Mwaka 2009 watafiti walikuta katika E. koli, bakteria wa utumboni, kwamba jeni za protini zinazotolewa nje ya seli, ambazo zinaweza kuwafaa majirani, hupatikana zaidi kwenye DNA inayohama. Mwaka 2021 wengine walipima spishi 51 na hawakukuta mwelekeo huo katika zote. Ndiyo maana bakuli langu huliita kielelezo cha linavyoweza kutokea. Ukitaka kuonyesha upande wa pili, ruhusu uhamaji mara moja tu katika raundi tano, uhesabu maharage upya.