Jinsi ya kuzunguka vijiji vya zamani vya Suffolk bila kuchoka wala kufilisika

Wengi wakifika Uingereza wanaishia London, wakijitahidi sana wanafika Oxford kupiga picha mbili tatu, wamemaliza. Mimi nasema panda treni elekea mashariki, Suffolk, kaunti ya mashamba na kondoo na vibarabara vyembamba ambavyo gari mbili zikikutana moja lazima irudi rivasi.

Kabla hujakata tiketi jua kitu kimoja, hivi vijiji vilikuwa na hela. Miaka ya 1400 mpaka mwanzoni mwa 1500 huku ndo kulikuwa kunafumwa vitambaa vizito vya sufu, vile vya bluu vya Lavenham vilikuwa vinauzwa mpaka ng'ambo, na kwenye kodi ya mwaka 1524 Lavenham ilikuwa inaizidi miji mikubwa tu unayoisikia leo. Baadaye wakimbizi wafumaji wa Kiholanzi wakaingia Colchester, mji wa jirani, na vitambaa vyepesi vya bei nafuu, wateja wakahama, hela ikakata. Watu hawakuwa na uwezo wa kubomoa wajenge kisasa wakabaki na nyumba za mababu. Yaani unachokipiga picha leo ni ukata wa karne kadhaa, na ndo maana utakuta kijiji chenye duka moja na baa mbili kina kanisa kubwa utafikiri la jimbo zima.

Haya. Weka kambi Bury St Edmunds. Treni kutoka London zipo ila mara nyingi unabadilisha njiani, Ipswich au Cambridge, na ukikata tiketi mapema bei inashuka sana. Mji wenyewe umepewa jina la mfalme Edmund aliyeuawa na Wadenishi mwaka 869, kaburi lake likawa sehemu ya kuhiji na abasia, yaani nyumba ya watawa, ikatajirika kupindukia mpaka mfalme Henry VIII alipoifunga mwaka 1539. Sasa hivi ni magofu ndani ya bustani, kuingia bure. Usikimbilie maua, tafuta ule ukuta wa mbele wa kanisa la abasia uone watu walivyojenga nyumba zao humohumo ndani ya gofu, dirisha la kawaida kabisa na pazia katikati ya jiwe la miaka mia tisa, mimi pale nilisimama kama robo saa hivi. Siku za soko ni Jumatano na Jumamosi. Kuna na baa inaitwa The Nutshell, ndogo kiasi kwamba sebule yako inaizidi, hata kama hunywi chungulia tu mlangoni.

Siku ya pili nenda Lavenham, na ukiitamka sema Lavnam, ukitaja herufi zote watajua umeshuka leo. Basi la kutoka Bury kwenda Sudbury linapita hapo ila angalia ratiba ya kurudi KABLA hujapanda, na Jumapili usitegemee basi kabisa. Mimi nilikaa kituoni saa nzima mpaka bibi mmoja mwenye mbwa akaniambia kwa upole leo halipo, nikarudi kwa teksi iliyonila hela ya chakula cha siku mbili.

Lavenham ina majengo ya kihistoria yanayolindwa kisheria zaidi ya 300, na mengi ukiyatazama vizuri utacheka maana ujenzi wake tunaujua. Ni fremu ya miti ya mwaloni, katikati fito, halafu udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe. Kukandika! Nyumba za udongo zile zile tulizokulia wengine, tofauti wao juu wamepiga lipu ya chokaa na rangi ya pinki au njano. Zimepinda kwa sababu mti ulijengewa mbichi ukakaukia hapohapo ukutani, kwa hiyo usishangae ukiona ghorofa imeinama kama mzee anatafuta miwani. Ingia Guildhall, jumba la zamani la chama, pale uwanjani, ilijengwa karibu na 1530, kiingilio kipo. Halafu panda mpaka kanisani, mnara una mita 43 na sehemu kubwa ya hela ilitoka kwa Thomas Spring, mfanyabiashara wa vitambaa, na familia ikahakikisha nembo yake inaonekana huko juu.

Long Melford iko jirani, barabara moja ndefuuu halafu kanisa. Zunguka kwa nje usome juu ya kuta, wamechonga majina ya waliotoa hela ya ujenzi wakiomba waombewe, ni orodha ya michango ya harusi kasoro hii imeandikwa kwenye mawe. Kersey ni kadogo, barabara kuu inakatizwa na kijito na magari yanapita majini. Nusu saa inatosha.

Mambo ya njiani: jikoni za baa nyingi vijijini zinafunga saa nane mchana, ukifika saa nane na robo utakula krispi. Makanisa mchana huwa wazi na ni bure, weka chochote kwenye kisanduku. Shusha ramani kwenye simu kabla maana netiweki huko inakuja na kuondoka. Viatu vya tope, hata kiangazi. Na Desemba giza linaanza kuingia kabla ya saa kumi jioni, bora Mei mpaka Septemba.

Pwani ni siku nyingine na hapo ukipata gari la kukodi ni afadhali. Njiani kuelekea huko simama Framlingham, panda juu ya ukuta wa ngome uzunguke, humo ndo Mary Tudor, binti wa Henry VIII, alikusanya watu wake mwaka 1553 akatoka malkia. Orford ina ngome ya mfalme Henry II na samaki wa kuvuta moshi, usiondoke bila kuwaonja.

Ila mimi ukiniuliza nitakupeleka Dunwich, ambako hakuna kitu. Ilikuwa bandari kubwa, dhoruba ya 1286 ikaanza kuimeza, bahari ikala mtaa kwa mtaa, kanisa kwa kanisa, na kipande cha mwisho cha mnara wa kanisa la All Saints kilianguka mwaka 1919. Cha kuchekesha kijiji kiliendelea kupeleka wabunge wawili London mpaka 1832, mji wenyewe uko chini ya maji. Anza na jumba dogo la makumbusho uone mfano wa mji ulivyokuwa, ndo ushuke ufukweni. Ukipita njia ya juu usisogee ukingoni kutafuta selfi, ule mwamba ni mchanga tupu na bado unamomonyoka.