Somo: Kubadili faili za kamera (MTS na MP4) kwenda DNxHR ili uediti bila kuua ubora

Wakuu habari zenu. Nimeona wengi mnahangaika na faili za kamera, ukiziweka kwenye DaVinci Resolve (programu ya kuediti video) feni ya laptopu inavuma mpaka basi, video inaruka ruka, afu mtu anakimbilia konveta yoyote anayoikuta, faili linabanwa linakuwa dogo na ndo hilo hilo anaediti. Nilishafanya hivyo kwenye harusi ya watu. Shela ya bibi harusi ilikuwa na maua madogo meupe ya kudarizi, baada ya kukonveti maua yote yakayeyuka ikabaki nyeupe tupu, na kule nyuma ya ukumbi kwenye giza vikajaa viboksi. Kadi nilikuwa nimeshafomati. Mpaka leo inaniuma, ndo maana naandika hili.

Kwanza elewa shida iko wapi. Kamera inarekodi H.264 (namna ya kubana video), inaandika fremu moja nzima halafu zinazofuata inaandika mabadiliko tu, kwa hiyo ukitaka kuona fremu ya 9 kompyuta inalazimika kuanza kuifumua toka ya 1. Kwa kutazama sio shida, kwa kukata kata ni mateso. DNxHR (au ProRes kwa watu wa Mac) ni fomati ya kuediti, kila fremu iko kamili inajitegemea, faili linanenepa lakini kompyuta inapumua.

Hatua ya 1: kopi kadi NZIMA, na folda zake zote, usichomoe MTS peke yake. Kamera nyingi za AVCHD (ndo zinazotoa MTS) zikifika GB 2 au 4 zinakata faili na kuanza jingine, ukiyabadili moja moja pale kwenye kiungo sauti inaweza kukatika kidogo, na mara nyingi ni katikati ya hotuba ya mzee. Yaunge kwanza, haipotezi kitu (andika kwenye cmd ya Windows, namna ya kuifungua iko hatua ya 3):

copy /b 00000.MTS+00001.MTS zima.MTS

Hatua ya 2: fungua faili kwenye MediaInfo, programu ya kuonyesha taarifa za faili, ni ya bure. Angalia ni biti 8 au 10 (kina cha rangi), fremu ngapi kwa sekunde, na kama imeandikwa Progressive (fremu nzima nzima) au Interlaced (fremu imegawanywa nusu mbili za mistari inayopishana). Ukiruka hapa utakuja kulia mbele.

Hatua ya 3: weka FFmpeg (programu ya kukonveti kwa komandi) kwenye kompyuta, ingia folda yenye klipu, pale juu kwenye anwani ya folda andika cmd ubonyeze Enter, kisha bandika hii (folda ya D:\edit iwe umeshaitengeneza):

for %i in (*.MTS) do ffmpeg -i "%i" -c:v dnxhd -profile:v dnxhr_hq -pix_fmt yuv422p -c:a pcm_s16le "D:\edit\%~ni.mov"

Zote zitabadilika zenyewe, nenda kanywe chai. Andaa nafasi lakini: saa moja ya MTS ya Mbps 24 ni kama GB 11, ikishakuwa DNxHR HQ ya 1080 kwa fremu 25 inafika kama GB 80.

Hatua ya 4: kabla hujafuta chochote cheza kipande cha mwanzo, katikati na mwisho, sikiliza na sauti. Faili za kamera zinabaki palepale mpaka mteja apokee kazi yake.

MASWALI

Swali: Mkuu faili langu la GB 2 limekuwa GB 15, ina maana ubora umeongezeka?
Jibu: Hapana ndugu. Umehamisha maji ya kikombe kwenye ndoo, maji ni yale yale. Ulichopata ni kuediti kwa raha, na ukipaka rangi na kurenda mwishoni hupotezi zaidi.

Swali: Kamera yangu inatoa HEVC (H.265) ya biti 10, nitumie komandi hiyo hiyo?
Jibu: Usitumie, itakushusha mpaka biti 8 na anga itatoka na mistari mistari. Weka -profile:v dnxhr_hqx na -pix_fmt yuv422p10le. Na kama faili zako ni MP4 badili na ile *.MTS iwe *.MP4.

Swali: Kaka mimi mkono ukipita haraka pembeni panatoka kama meno ya kitana
Jibu: Hiyo ni Interlaced, ndo nilisema uangalie hatua ya 2. Ongeza -vf bwdif=0 kabla ya -c:v. Ukiandika bwdif tupu, 50i (Interlaced ya nusu 50 kwa sekunde) itakupa fremu 50, ni laini zaidi kwa watu wanaocheza muziki ila faili linakuwa mara mbili.

Swali: Klipu za simu midomo na sauti vinaachana
Jibu: Simu zinabadili idadi ya fremu njiani. Ongeza -fps_mode cfr -r 30 hapo hapo kabla ya -c:v, au 25 kama projekti yako ni 25.

Swali: Sina diski ya GB 80 jamani, nifanyeje
Jibu: Dada usikonveti kabisa. Ndani ya Resolve chagua klipu, bonyeza kulia, Generate Proxy Media, unaediti na nakala nyepesi afu wakati wa kurenda inachukua faili za kamera zenyewe. Hakikisha tu hapo Deliver (ukurasa wa kurenda) hujaweka tiki kwenye Use proxy media.