MRI inasema ubongo safi na kifafa bado kipo: cha kufanya

Hii inawakuta wengi wenye kifafa kinachoanzia lobu ya temporali, ile sehemu ya ubongo iliyo usawa wa sikio. Mtu anasikia kitu kinapanda toka tumboni, au hofu ya ghafla, au anaona kama hapa nilishawahi kuwepo, alafu anakodoa macho, anatafunatafuna, anapapasa nguo, dakika moja mbili imeisha na hakumbuki kitu. Familia inachangishana hela ya MRI, kile kipimo cha kupiga picha ya ubongo kwa sumaku, ripoti inarudi hakuna tatizo, na hapo ndo maneno yanaanza, mara anaigiza, mara ana majini. Hapana. Kifafa kinatambulika kwa matukio yenyewe, picha inatafuta chanzo tu.

Kama dawa imemtuliza na muda mrefu hajashikwa, tulia, hamna haja ya kukimbizana na mamashine. Haya ni ya yule aliyejaribu dawa mbili zinazomfaa, dozi sahihi, anameza kweli, na bado kinamshika.

Kabla hujalipia kipimo kipya, kafuatilie kile cha zamani. Sio karatasi ya ripoti wala zile filamu za kuinua dirishani, omba CD yenye faili za DICOM, yaani picha zenyewe za kidijitali kama zilivyotoka kwenye mashine, na wakikuzungusha ng'ang'ania, alafu mpelekee mtu wa redioloji aliyezoea kifafa aisome upya. Kule Bonn, Ujerumani, walilinganisha hili jambo na matokeo yakatoka 2002: ripoti za kawaida za wasio wabobezi zilinasa kasoro asilimia 39 tu, wabobezi wakiangalia picha za kawaida wakafika 50, na MRI iliyopigwa mahsusi kwa kifafa ikafika 91. Kwa hiyo "safi" nyingine ni za haraka haraka.

Ikibidi kupiga upya, hapa ndo pa kukazania. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa kifafa, ILAE, 2019 kilitoa pendekezo linaitwa HARNESS, mwambie daktari aliandike kwenye fomu. Linataka picha tatu (T1, FLAIR na T2 ni majina ya aina za picha za MRI): T1 na FLAIR za 3D zenye unene wa milimita 1 bila kuruka nafasi, na T2 yenye slaisi nyembamba za milimita 2 zilizokatwa pembe mraba na hipokampasi, kile kisehemu cha kumbukumbu kilicho ndani ya lobu ya temporali. Hiyo pembe ina maana kubwa. Hipokampasi ni kitu kidogo, kimelala kwa urefu kama ndizi, ukiikata mshazari vipande vya kulia na kushoto havilingani na huwezi kujua upi umesinyaa. Mashine ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) ni bora, ila tesla 1.5 yenye mpangilio sahihi inaishinda tesla 3 ya kukurupuka, huo ndo msimamo wangu. Sindano ya dawa ya kung'arisha picha mara nyingi haihitajiki, labda wanashuku uvimbe au maambukizi, kwa hiyo uliza kabla ya kulipia. Dawa za kifafa meza kama kawaida siku hiyo, na vibanio vya nywele na hirizi yenye chuma viache nyumbani.

Fomu ikiandikwa "kifafa" peke yake, msomaji anatafuta ubongo mzima bila kujua aangalie wapi, kwa hiyo mpe dalili. Rekodi tukio kwa simu, mwili mzima uonekane, mikono yote miwili, na muongeleshe huku unarekodi. Mkono uliokakamaa na kujipinda mara nyingi unaelekeza upande wa pili wa ubongo, unaopapasa au kufuta pua baadaye mara nyingi ni wa upande uleule. Akizinduka akashindwa kutaja kalamu ni kalamu kwa dakika kadhaa, shuku upande wa lugha, kwa wengi kushoto. Taja pia kama utotoni aliwahi kupata degedege ya muda mrefu.

Ikirudi safi tena, kinachofuata ni EEG ya video, yaani kupima umeme wa ubongo huku anarekodiwa, analazwa hadi tukio linaswe, halafu PET ya sukari, picha inayopigwa baada ya kuchomwa sindano ya sukari yenye mionzi kidogo. PET inaonyesha wapi ubongo unatumia sukari kidogo, na ikikubaliana na EEG, wagonjwa wa hivi wanaofanyiwa upasuaji wanaweza kupata matokeo yanayokaribiana na wale ambao MRI yao ilionyesha kovu. Aga Khan pale Nairobi mashine ya PET wanayo, ingawa huku kwetu wengi wanaijua kwa kansa, kwa hiyo daktari aandike wazi kuwa ni ya ubongo. Hautakula kwa masaa kadhaa kabla, lakini dawa unameza na maji, na mwenye kisukari aseme mapema. Baada ya sindano utalala chumba kimya chenye mwanga hafifu, na kama umeshikwa asubuhi ile au ukiwa umelala pale, waambie, maana tukio linavuruga picha kabisa, sehemu iliyotakiwa kufifia inaweza kuwaka.

SPECT ya wakati wa tukio, picha ya mtiririko wa damu kwenye ubongo, nayo ipo, ila nesi lazima akae na sindano tayari achome ndani ya sekunde chache kifafa kikianza, ndo maana hospitali chache zinaiweza. Kama PET haiwezekani kwa sasa, usikae bure, EEG ya video na MRI yenye mpangilio mzuri ndo zitangulie, na CD zote ziwekwe pamoja kwenye bahasha moja na zile video za simu.